Mbeleko ya Mama Mbonea

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ya juzijuzi tu, watu wana simu mifukoni na bado hawasikilizani, palikuwa na kijana wa Kipare akiitwa Mbonea. Kwao ni Mamba, juu milimani kule Same, ambako tangawizi hulimwa mpaka kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Sogeeni karibu. Mwenye nia ya kusinzia aende akalale sasa hivi, maana mwishoni nina swali, na sitaki kujibiwa na mtu anayekoroma.

Mbonea alipata ufadhili akaenda Uturuki kusomea uhandisi wa maji. Mji aliopangiwa uko mashariki ya nchi ile, milimani, na baridi yake haisimuliwi, watu huonywa tu. Akakaa miaka mitano bila kuiona nyumbani. Tasnifu yake ilihusu ndiva, yale mabwawa ya udongo waliyochimba mababu wa Kipare, wakakinga maji ya kijito usiku kucha na kuyafungulia mashambani asubuhi, kwa zamu, bila mtu kumdhulumu mwenzake. Maprofesa wake hawakuwa wamepata kulisikia neno ndiva maishani mwao. Mbonea akaapa kwamba watalisikia.

Alipanga chumba kwa Bi Nesrin, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa na nyumba ya mawe juu ya kilima. Mwaka wa mwisho, kila jioni Mbonea alishuka jikoni kwake, akakaa kando ya jiko la makaa, akamsomea tasnifu yake kwa Kituruki ili arekebishwe ulimi. Bi Nesrin alifuma soksi huku akisikiliza.

"Hapo umekosea, mwanangu. Rudia."

Mbonea anarudia.

"Bado. Rudia tena, na hiyo ndiva yako uiseme kama kitu unachokipenda."

Mbonea anarudia tena. Yeye naye alimletea bibi mkate kutoka mjini, kwa kuwa Bi Nesrin hakuwa ameshuka kile kilima tangu mumewe azikwe. Majira matatu ya baridi yalipita hajatia mguu nje ya lango. Alisema magoti yake hayaelewani na barafu.

Basi siku moja mgeni akaja. Alikuwa Kajiru, rafiki yake Mbonea wa utotoni, waliyechunga naye mbuzi na kuiba naye miwa ya mwalimu mkuu. Kajiru alikuwa mtu wa ushirika wa tangawizi. Alitumwa Istanbul kwenye maonyesho ya biashara, akasema haiwezekani aje nchi ya watu halafu aondoke hajalala kwa Mbonea. Akapanda treni, akasafiri mchana na usiku, akafika akiwa amevaa soksi miguuni na soksi nyingine mikononi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbonea alipona hasa! Kajiru alikuwa amebeba mahindi ya kukoboa na maharage, wakapika makande, Bi Nesrin akala sahani mbili. Kila mtu waliyepishana naye njiani Kajiru alimsalimu, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, akiamini kwamba mtu asipoelewa ni kwa sababu hajasikia vizuri. Alimuuliza muuza mkate habari za mke, za watoto, za mifugo. Alimpa askari wa barabarani shikamoo. Mbonea aliona haya siku ya kwanza, siku ya pili akacheka, na siku ya nne muuza mkate alipowaona kwa mbali alipaza sauti, "Nzuri!" kabla hajaulizwa.

Na Kajiru hakuja na makande peke yake. Usiku wa kwanza alifungua begi, akatoa kanga iliyopauka, yenye harufu ya moshi wa kuni.

"Unaijua hii?"

Mbonea aliijua. Ilikuwa mbeleko, ile mama yake aliyombebea mgongoni akiwa mchanga, akapanda nayo milima na kushuka.

"Mama yako kanituma hivi," Kajiru akasema, "na nimeapa kutopunguza neno. Kasema: Mwambie Mbonea siku ya kuvishwa kofia ya usomi mimi sitakuwepo, safari ile siiwezi. Lakini mtoto havishwi kofia kama yatima. Aliyembeba huko ugenini ndiye apande naye jukwaani, amfunike hii mbeleko mabegani. Na akishamfunika, mbeleko iwe yake. Mimi nimemaliza zamu yangu."

Mbonea aliipokea kwa mikono miwili. Aliinusa mbeleko, akaiweka chini ya mto wake, akalala kama mtoto.

Siku saba zikaisha. Siku ya nane ndiyo siku ya Kajiru kuondoka, treni ya saa moja asubuhi. Na siku hiyohiyo, saa nane mchana, ndipo Mbonea alipotakiwa kuitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa watatu. Akikosa, hakuna siku nyingine mpaka mwaka mwingine, na ufadhili wake ulikuwa unakwisha mwezi uleule. Kwa maneno mafupi, akikosa anarudi Mamba mikono mitupu, baada ya miaka mitano, na mama yake amekwisha kuwatangazia watu.

Bi Nesrin alilijua hilo. Asubuhi akasimama mlangoni.

"Mwanangu, leo usiende stesheni. Muage mgeni wako hapa."

"Mama, kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho," Mbonea akajibu. "Nikimwachia mlangoni, habari itafika Mamba kabla yake."

"Haya. Lakini na mimi nina desturi yangu."

Akaleta bakuli la maji. Wenyeji wa kule, msafiri akitoka, humwaga maji nyuma yake ili safari yake itiririke na arudi salama kama maji yanavyorudi. Ni desturi nzuri sana, hasa kiangazi. Bi Nesrin akayamwaga maji ngazini, akawaombea, akafunga mlango.

Hawajafika langoni, Kajiru akasimama. "Sijamuaga yule mama."

"Umemuaga mara mbili!"

"Mara mbili ni za kawaida. Mtu aliyenipa soksi!"

Akarudi mbio. Maji yalikwisha kuwa barafu. Kajiru akapaa, akatua kwa makalio, kifundo cha mguu kikateguka. Bi Nesrin akatoka akipiga kelele, akamfunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwani, huku akiyalaani maji aliyoyamwaga kwa mkono wake. Ndiyo sababu Mbonea, ambaye angebaki jukwaani stesheni akipunga mkono, ilibidi abebe begi la mwenzake mpaka ndani ya behewa. Simu yake aliiacha mezani jikoni, inachaji.

Treni husimama pale dakika tatu. Dakika tatu ni nyingi kwa mtu wa kawaida. Kwa Mpare anayeaga, hata koo hajasafisha.

"Nisalimie mama," Mbonea akaanza.

"Nimepokea."

"Nisalimie mjomba Senkondo. Nisalimie wa ng'ambo ya kijito wote. Nisalimie mwalimu mkuu, mwambie miwa tunajuta."

"Nimepokea. Shangazi zako?"

"Nisalimie shangazi wa Bombo, nisalimie wa Gonja, nisalimie..." Mbonea akatazama mlango. "Kajiru, nishuke."

"Na shangazi Nakiete?" Kajiru akamshika mkono. "Nifike nimwambie umewataja wote isipokuwa yeye? Yule aliyelia ulipoondoka?"

Kweli, shangazi Nakiete hasahauliki. Mbonea akageuka, akamtumia salamu shangazi Nakiete, na mumewe, na ng'ombe wake aliyekuwa mgonjwa. Alipofika kwa ng'ombe, mlango ukajifunga. Alipofika kwa ndama, stesheni ilikuwa inarudi nyuma dirishani.

Akaja kondakta wa treni, Bwana Orhan, mzee wa masharubu mazito na kofia yenye mstari mwekundu.

"Tiketi."

"Sina, baba. Mimi ni msindikizaji."

"Wasindikizaji husimama chini."

"Nisimamishie treni nishuke!"

"Treni si punda. Haisimami mpaka stesheni ya mlimani, saa mbili na nusu. Na ya kurudi hupita saa kumi na mbili jioni. Barabara imefungwa na theluji tangu juzi."

Hapo Mbonea akalia. Sisemi machozi yalimlengalenga, nasema alilia, mwanaume mzima wa miaka ishirini na saba, akiwa amekaa juu ya begi la watu. Bwana Orhan akauliza kulikoni. Akaambiwa tasnifu, akaambiwa saa nane, akaambiwa miaka mitano. Kajiru, asiyejua neno la Kituruki, akamnyooshea simu yake yenye saa. Mzee akaitazama, akatoa saa yake ya mfukoni, akaitazama pia. Akazitazama zote mbili tena. Saa yake ilikuwa imetangulia dakika moja.

"Niliondosha treni dakika moja kabla ya wakati," akasema taratibu. "Miaka thelathini na moja sijawahi."

Saa mbili na nusu wakafika stesheni ya mlimani, kibanda kimoja na bendera. Zamu ya Bwana Orhan iliishia pale. Nyumbani kwake palikuwa hatua mia moja, alikuwa na siku mbili hajalala, na moshi wa jiko la mkewe ulionekana. Mbonea akashuka. Kajiru akasimama mlangoni na mguu wake mmoja.

"Wewe nenda," Mbonea akamwambia. "Ndege yako ni kesho. Ukiikosa, hutawahi uchaguzi."

Maana Kajiru alikuwa anagombea uenyekiti wa ushirika, na kura zilikuwa zinapigwa wiki ileile. Miaka miwili alikuwa anaitafuta nafasi ile.

Filimbi ikalia. Kajiru akatupa begi chini kwenye theluji, naye akalifuata. "Shangazi Nakiete ndiye aliyetuponza," akasema, "na aliyemtaja ni mimi." Treni ikaondoka bila yeye.

Bwana Orhan aliwatazama, akautazama moshi wa jiko la mkewe, akashusha pumzi. Akazunguka nyuma ya kibanda, akafungua banda la mafundi. Mle ndani mlikuwa na kiberenge cha zamani cha kwendea juu ya reli, kile cha kusukuma kwa mikono, mmoja akishusha mpini mwenzake anapandisha.

"Orhan!" stesheni masta akashtuka. "Ukikitoa hicho bila kibali, kofia yako itavuliwa!"

"Kuna treni njiani?"

"Hakuna mpaka jioni. Lakini kofia yako..."

"Kofia yangu imekaa kichwani miaka thelathini na moja. Kijana huyu kabakiwa na saa tano na nusu."

Kajiru akapiga simu ya Mbonea. Bi Nesrin akaipokea jikoni. Mbonea akamweleza kwa pumzi moja, akamalizia, "Mama, huenda nikachelewa. Usihangaike." Simu ikakatwa kabla hajasikia jibu.

Wakateremka mlima. Bwana Orhan mpini huu, Kajiru mpini ule, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mbonea akataka kusukuma, wakamkatalia kwa lugha mbili. "Kaa! Kariri!" Basi akakaa katikati, amefunikwa blanketi la reli, akaikariri tasnifu yake kwa Kituruki, theluji pande zote, na Bwana Orhan akimrekebisha kila mpini unapopanda. Baada ya saa moja mgongo wa mzee ukakataa, akawa anasukuma kidogo na kupumzika sana. Kajiru akatafuna kipande cha tangawizi mbichi, akasukuma. Akatafuna kingine, akasukuma. Sampuli zote za maonyesho ziliishia njiani mle.

Walifika mjini saa nane na dakika tano. Mbonea alikimbia. Nyuma yake walimfuata mzee aliyejipinda mgongo na kijana anayerukaruka kwa mguu mmoja, na watu walisimama kuwatazama. Chuoni alifika saa nane na dakika ishirini na tano. Bawabu akamshika bega.

"Wewe ndiye mtoto wa yule bibi?"

"Bibi yupi?"

"Aliyekuja tangu saa sita. Kashuka kile kilima chote kwa miguu, tena sehemu ya barafu kashuka amekaa. Saa nane ilipogonga maprofesa wakataka kufunga mafaili, bibi akasimama mlangoni akasema hapiti mtu. Wamemwomba atoke, hatoki. Sasa nenda kasikie mwenyewe."

Mbonea akasimama nje ya mlango, kifua kinampanda na kushuka. Ndani akaisikia sauti anayoijua.

"...Basi maji yakijaa usiku, hayawi ya mtu mmoja. Asubuhi mzee wa zamu anazibua, anaanza na shamba la mbali, kwa sababu maji yakimpitia wa karibu, haibi mbele ya macho ya watu. Hapo mwanangu ana namba nyingi, za kina na za mteremko, hizo atawaeleza yeye. Mimi nawaeleza kwa nini mabwawa haya yamedumu."

"Bibi," profesa mmoja akauliza, "uliwahi kuiona hiyo ndiva?"

"Sijawahi. Lakini nimeisikiliza mwaka mzima."

Mbonea akaingia, theluji mabegani. Profesa mkuu akamtazama, akaitazama saa ya ukutani, akasema, "Utetezi ulikwisha kuanza. Mwenzako kafika ukurasa wa arobaini. Endelea."

Akaendelea. Aliongea kama mtu anayeizungumzia nyumba yao, kwa sababu ndiyo aliyokuwa anaizungumzia. Akafaulu, na kwa sifa.

Vigelegele vimalizike kwanza, kisha tusikie gharama. Kajiru aliikosa ndege, na nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki mbili. Uchaguzi ukapita akiwa kitandani kwa Mbonea mguu juu ya mto. Akashindwa kwa kura moja, naye hakuwepo kuipiga yake. Bwana Orhan akavuliwa kofia kwa miezi mitatu, akapewa fagio la kufagilia theluji ya stesheni. Bi Nesrin magoti yalivimba, akalala siku tano. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, na Kajiru alipopona kifundo alipewa sepetu, akawa anaondoa barafu ngazini huku akimsalimu kila apitaye.

Baada ya siku kumi na mbili ndiyo siku ya kofia. Mbonea akapewa kadi moja ya kupanda jukwaani. Pale chuoni kwao kila mhitimu hupandishwa na mzazi wake mmoja. Wengine waweza kukaa ukumbini, lakini jukwaani ni mmoja. Jioni ya kuamkia siku hiyo akawaalika wote watatu jikoni, akaiweka mezani kadi, akaiweka na mbeleko, akawasimulia maneno ya mama yake.

Mwanzo kila mtu alikuwa muungwana.

"Mpe bibi," akasema Kajiru.

"Mpe rafiki yako," akasema Bi Nesrin.

"Mimi nani? Mimi ni mtu wa treni," akasema Bwana Orhan. Lakini macho yake yalikuwa juu ya mbeleko.

Chai ikamiminwa mara ya pili, uungwana ukapungua.

"Lakini kusema haki," Kajiru akaanza, "Mbonea, watafsirie. Mimi niliruka nikatua kwenye theluji kabla sijajua kama kuna kiberenge wala punda. Treni ilikuwa na joto, ndege ilikuwa inanisubiri, na uenyekiti. Nikaruka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na mlima ule nimekusukuma kwa mguu mmoja. Kama kubeba si huko, basi sijui kubeba."

Mbonea akatafsiri. Bwana Orhan akapapasa kichwa chake kisicho na kofia.

"Kijana kasema kweli. Lakini rafiki kumfaa rafiki ni deni la urafiki. Mimi nilikuwa na deni gani? Sikumjua huyu. Mke wangu alikuwa ameshaandaa supu. Nilitoa kofia yangu kwa mtu nisiyemjua hata jina. Na bila kiberenge changu, huyu kijana wa mguu mmoja angembeba kwa nini? Kwa salamu?"

Bi Nesrin akaweka soksi chini.

"Nyie mlimleta mpaka mlangoni. Asanteni. Mngekuta mlango umefungwa na maprofesa wako nyumbani wanakula. Mimi nilikuwa ndani ya ule mlango. Tena hesabuni vizuri. Nyinyi mmembeba asubuhi moja. Mimi nimekaa naye jikoni hapa kila jioni, neno kwa neno, rudia, rudia tena. Kwenu mnasemaje, Mbonea? Ile uliyonifundisha, ya asiye na mwana?"

"Asiye na mwana aeleke jiwe," Mbonea akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Jiwe nimelieleka mwaka mzima."

 Kisha Kajiru akakohoa.

"Lakini maji ya ngazini alimwaga nani?"

"Baraka zile!" Bi Nesrin akaruka. "Mimi nilimwombea mtu salama! Nani alirudi kuaga mara ya tatu? Na treni je? Iliondoka dakika moja kabla ya wakati, nani aliiondosha?"

"Dakika moja!" Bwana Orhan akagonga meza. "Dakika moja mtu hushuka akaenda zake! Nani alimshika mkono kwa ajili ya shangazi? Shangazi wangapi alionao mtu mmoja?"

"Sita," akasema Mbonea, na wote wakajikuta wanacheka mpaka Bi Nesrin akayashika magoti yake. Cheko lilipoisha, kadi ilikuwa bado iko mezani.

Mbonea akampigia mama yake simu. Mama Mbonea alisikiliza kisa chote, akaomba arudiwe pale pa ng'ombe wa Nakiete, akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, niambie. Nimpe nani?"

"Mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi sikuwepo mgongoni mwa mtu, ulikuwepo wewe. Aliyebebwa ndiye anayejua aliyembeba. Na mbeleko usiikate vipande, nitajua." Akakata simu.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Bwana Orhan alikuja amechana masharubu. Kajiru alivaa tai ya marehemu mume wa Bi Nesrin. Bi Nesrin alivaa viatu ambavyo havikuwa vimetoka kabatini majira matatu ya baridi. Walikaa safu moja, watatu, na kila mmoja akajifanya anatazama dari.

Jina la Mbonea likaitwa. Akasimama, kadi mkono mmoja, mbeleko mkono mwingine, ile harufu ya moshi wa kwao ikimpanda puani, akahisi kulia na kucheka kwa pamoja. Akawageukia. Jina likaitwa mara ya pili.

Mimi nanyamaza hapo. Bibi yangu akifika hapa husema mpeni Orhan, mjomba wangu hutupa kofia yake chini akisema mpeni Kajiru, na mama yangu huinuka akaenda zake jikoni bila neno, nasi tunajua amemchagua nani. Watu hawa walikosana sikukuu nzima kwa ajili ya hadithi hii. Sasa nawaachia nyinyi, mliokunywa chai yangu mpaka birika likakauka. Mgeni aliyeiacha safari yake, mzee asiyemjua aliyeitoa kofia yake, au mjane aliyeshuka kilima: msimame pale Mbonea aliposimama, jina linaitwa mara ya tatu, mama anasubiri kusikia. Nani alimbeba?